Mama wa msichana tulimzika sehemu ya 14, sehemu ya 31 anapiga simu: hadithi hizi tunazilipia za nini?

Msomaprufu Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, anayeingia aingie na subira.

Nimesoma prufu, yaani kukagua makosa kabla ya kuchapa, kwenye gazeti moja la Dar es Salaam tangu miaka ya tisini hadi macho yalipogoma. Kurasa nilizozisubiri kila wiki ni za hadithi za kuendelea. Zilikuja zimeandikwa kwa mkono, nyingine kwenye karatasi za daftari la shule, na nyingi zilikuwa za mapenzi, ujambazi na uchawi. Kwa hiyo asije mtu akasema mzee huyu anadharau hadithi za watu wa kawaida. Zimenilishia watoto.

Mwezi uliopita binti yangu aliniunganisha kwenye kundi la hadithi la WhatsApp. Utaratibu mnaujua: sehemu za mwanzo ni bure, utamu ukikolea unaambiwa utume 1,000 upate tano zinazofuata, au 3,000 upewe yote. Nikatuma 3,000. Msichana wa hadithi anapanda basi Mwanza jua limeshazama, na kabla hakujapambazuka yuko Mbezi Beach anafunguliwa geti. Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100. Nilirudi nyuma nikidhani nimeruka ukurasa. Sikuwa nimeruka. Sehemu ya 14 mama yake anazikwa Sengerema, mvua inanyesha, kaka mkubwa anazimia. Sehemu ya 31 mama huyohuyo anapiga simu kuomba hela ya dawa.

Nikauliza kundini, kwa adabu: "Mwandishi, mama huyu si tulimzika?" Mwandishi hakujibu. Waliojibu ni wasomaji wenzangu. Mzee unaharibu utamu. Mzee kama hutaki, toka. Asubuhi nikakuta nimeshaondolewa.

Kuondolewa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba kundi lile lilikuwa na watu zaidi ya 200, na siku ya maziko walijaza ukurasa mzima vikaragosi vya kulia. Watu wote wale walilia msibani, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kaburi.

Nimeendelea kusoma kwenye makundi mengine, maana nilitaka nijue kama nimewaonea. Nimemaliza hadithi tisa. Katika saba kuna bilionea kijana. Ana Range Rover nyeusi, ana mama mkali, ana mchumba aliyechaguliwa na familia, na anampenda dada wa kazi. Sikatai mapenzi ya tajiri na maskini, hadithi za mtoto wa sultani na binti wa mvuvi tumezikuta. Lakini bilionea huyu anauza nini? Katika hadithi saba sijaambiwa hata mara moja. Anaingia ofisini, anasaini karatasi, anatoka. Dada wa kazi naye hapigi deki, hachambui mchele, mikono yake haina harufu ya kitunguu. Wanazungumza wote kwa sauti moja, mlinzi na mkurugenzi, na Dar es Salaam yao haina joto.

Nilipokuwa kijana tulisoma riwaya zilizouzwa stendi za mabasi. Wasomi wa chuo waliziita riwaya pendwa, wakaziweka pembeni, upande wa pili wakaweka riwaya dhati. Sisi hatukujua mgawanyo huo. Tulichojua ni kwamba mwaka 1974 Elvis Musiba alipomtoa mpelelezi wake Willy Gamba kwa mara ya kwanza, alimpeleka Nairobi kufuatilia nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa. Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapahapa Dar, wapigania uhuru tulikuwa tunapishana nao mitaani, kwa hiyo kilichoibwa tulikijua uzito wake. Nyuma zaidi, mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla alikuwa ameshatupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Ukifika mwisho unajigonga paji la uso, kwa sababu dalili ulipewa ukazipita. Vile navyo vilikuwa vitabu vya kupotezea muda. Ila aliyeviandika alijua kuna mtu atakayevisoma huku akili yake ikiwa macho.

Na kabla ya vitabu alikuwepo bibi. Wangu alikuwa wa Pangani. Alianza kama wanavyoanza wote: hadithi, hadithi! Sisi tunaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Hebu yasikilizeni maneno hayo. Uongo tunaukaribisha wenyewe, hatuna ugomvi nao, lakini tunadai ukolee. Na tulikuwa tunadai kwelikweli. Akiruka wimbo wa ndege kwa sababu amechoka, mdogo wetu wa miaka minne anapiga kelele: bibi, ndege hajaimba! Bibi anarudi, ndege anaimba, ndipo tunaendelea. Mtoto wa miaka minne alikumbuka ndege. Leo tu watu wazima, tumetoa hela zetu, na maziko ya mama mzazi yanatupita.

Nasema hivi: mwandishi asiyerudi kuusoma mstari wake anatudharau, na sisi tunaoandika "endelea" bila kuuliza kitu ndio tuliomfundisha kutudharau. Karibuni. Waandishi mkiwepo, nawaomba mje.

Mtoto wa Buguruni

Mzee, kuna mtu ametoka kubeba zege kutwa nzima. Jioni anataka apumzishe kichwa, asome bilionea amembusu nani, alale. Unataka umpe mtihani? Kila mtu asome anachopenda.

Msomaprufu Mstaafu

Mkuu, mbeba zege nimekaa naye, baba yangu mdogo alikuwa fundi mwashi. Ukuta ukipinda nusu inchi, hata kama mwenye nyumba hajaona, anaubomoa na kuanza upya. Kwenye taarabu vilevile, mpiga fidla akikosea anamwambia palepale. Mtu wa namna hiyo kwa nini nimwekee kiwango cha chini kwenye hadithi peke yake? Wewe ndiye unayesema hawezi. Mimi nasema anaweza, hajaulizwa.

Zamu ya Usiku

Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi, na ni mmoja wa hao wa "endelea". Naomba nikueleze tunavyosoma, maana hukusema.

Nasoma saa nane usiku wodini, wagonjwa wakishatulia. Nasoma vipande. Katikati naitwa, dripu imeisha, mama analia, narudi baada ya saa moja. Sehemu ya 14 nimeisoma wiki mbili zilizopita na tangu hapo nimeona watu wanafariki kweli. Kwa hiyo ndiyo, kaburi la hadithini linaweza kunipita. Hilo ni kosa langu, sawa. Lakini usiseme silitaki lililo bora. Nilikuwa nafuata hadithi moja ya mwanamke aliyekimbia ndoa Singida. Ilipofika mahali anajifungua, mwandishi akaandika uchungu ulimwanza, dakika tano mtoto huyo hapo, mama amekaa kitandani anazungumza mambo ya urithi. Nimezalisha wanawake, sijui hata ni wangapi. Niliifunga simu, sikuirudia tena hadithi ile, na hela yangu nikaisamehe. Kundini nikaandika nini? Sikuandika kitu. Nilitoka kimya kimya.

Nadhani wengi tunatoka kimya. Wanaobaki ndio wanaoandika "endelea", basi mwandishi anaona "endelea" tupu, anadhani wote tumeridhika.

Msomaprufu Mstaafu

Marahaba binti yangu. Hilo sikuwa nimelifikiria. Gazetini barua za malalamiko zilikuja kwa posta, tena zina anwani. Kuna hadithi ilimpitisha mtu Daraja la Salender, la njia ya Oysterbay, akitoka Kariakoo kwenda Temeke. Tulipokea barua hadi mhariri akaomba radhi.

Chaki Nyeupe

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, kidato cha tatu na cha nne, mkoa nauacha. Mleta mada anamlaumu msomaji, lakini msomaji huyo nimemtengeneza mimi.

Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 80 na nakala tatu za riwaya inayotahiniwa. Nakala tatu. Kwa hiyo wanachosoma ni kijitabu cha uchambuzi, kile kinachouzwa stendi, chenye dhamira, wahusika, falsafa, mtindo, matumizi ya lugha, kila kimoja na mifano yake. Mtoto anajua "mwandishi amefanikiwa kifani na kimaudhui" kabla hajajua mhusika mkuu anaishi na nani. Anafaulu, nami napongezwa. Akimaliza shule anaamini kwamba kitabu kizuri ni kitu cha kuorodhesha dhamira tano, na hadithi ya kufurahia ni ile iliyoko kwenye simu. Tumemgawia ladha mbili, moja ya mtihani na moja ya raha, na hajawahi kuonyeshwa kwamba zinaweza kukaa kwenye chungu kimoja.

Mwaka jana nilifanya jambo ambalo kwenye andalio la somo halikuwepo. Dakika 20 za mwisho wa kipindi nilisoma kwa sauti. Sikuuliza dhamira, sikuandika kitu ubaoni. Kengele ikagonga mahali ambapo mtoto wa hadithini amejificha darini na mgambo wako sebuleni. Kipindi kilichofuata kilikuwa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo huwa nawafuata mabwenini. Siku hiyo niliwakuta wameshakaa. Msichana wa dawati la nyuma aliniambia, mwalimu, jana ulisema ngazi ameiacha nje, sasa si wataiona? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau ngazi.

Nina angalizo moja kwako mzee. Tukisema takataka tuangalie tunasema nini. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa shuleni kwa kuonekana inaharibu vijana. Baadaye ikaingia kwenye orodha ya kutahiniwa, na mimi mwenyewe nimeitungia maswali. Waliosema ni chafu walikuwa wazee wenye nia njema kama wewe.

Msomaprufu Mstaafu

Mwalimu, nimekusikia, na angalizo lako nalichukua. Ila uchafu sijausema popote. Mwandishi aniandikie chumba cha gesti, aniandikie damu, sina neno. Kezilahabi alizuiwa kwa sababu alitazama mahali ambapo watu walitaka afumbe macho. Hawa ninaowalalamikia hawajatazama kabisa. Na huyo msichana wa ngazi, naomba umwambie kuna mzee wa prufu anamsalimu.

Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu riwaya ya Kiswahili inaishi shuleni, na aghalabu hufia huko huko. Mtu akishafanya mtihani wa kidato cha nne hanunui tena. Lakini muulize Mkenya wa rika langu kuhusu Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Atakusimulia Kongowea Mswahili alivyotoka Tanga kumtafuta baba hadi Kitale, na atakusimulia kama jirani yake. Ilikuwa ya kutahiniwa, na bado watu waliipenda kwa hiari yao, dereva wa matatu na wakili pamoja. Ndiyo maana mimi sikubali mtu anaponiambia kuwa umma hautaki kazi iliyofanywa vizuri.

Kalamu ya Masasi

Shikamoo mzee. Umetuita waandishi, nimekuja. Kundi lako si langu, lakini lingeweza kuwa langu.

Ninaandika kwenye simu, mwaka wa tatu sasa. Hivi leo nina hadithi nne zinazokwenda kwa pamoja. Kila siku saa tatu usiku lazima sehemu iwe imepanda. Nikiruka siku mbili, wasomaji wanahamia kwa mwingine, na hawarudi. Mwezi mzuri napata 180,000, mwezi mbaya haifiki hata kodi ya chumba. Sina mhariri, na kusoma nilichoandika sipati muda. Wafu wanafufuka kwa sababu sikumbuki kama niliwaua. Naliandika hili nikiwa na aibu, lakini umetaka kujua.

Bilionea simpendi. Nimeshawahi kujaribu kitu kingine.

Mimi ni wa huku kwenye korosho. Mwaka 2018 nilikuwa nyumbani. Wakulima walikataa bei za mnada, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja na malori kubeba magunia. Mliokuwa mbali mliyaona kwenye taarifa ya habari. Mimi niliyaona nikiwa kibarazani, kwa sababu mama yangu alikuwa kangomba. Kwa wasiojua, kangomba ni mtu anayenunua korosho vijijini kwa bei ya kutupa, nje ya chama cha msingi cha ushirika, mara nyingi kutoka kwa mtu mwenye shida ambaye hawezi kungoja malipo ya ghalani. Mtoto anaumwa, mbeba korosho anakuja jioni amezifunga kwenye khanga, mama anampimia, anampa hela, mtoto anapelekwa hospitali. Kwa hiyo mama alikuwa mwokozi na mnyonyaji, kwa mtu yuleyule, jioni ileile. Halafu wakaja wahakiki kuuliza kila mwenye magunia aonyeshe shamba lake. Mama hakuwa na mkorosho hata mmoja.

Niliiandika hiyo. Niliweka wanawake wanaobangua, utomvu unavyochubua vidole hadi kidole hakishiki vizuri kwenye mashine ya alama, na majivu wanayopaka. Nilikwenda kwa jirani kumuuliza kitu ambacho sikukijua vizuri, jambo ambalo kwa bilionea sijawahi kulifanya. Nikapandisha sehemu saba. Waliobaki hadi ya saba walikuwa 11. Mmoja aliniuliza, dada, handsome anaingia lini? Nikaacha. Nikaupeleka muswada kwa mchapishaji mmoja, nikaambiwa wanachapa vitabu vya shule, nikipata kuingizwa kwenye mtaala nirudi.

Sasa niambie mzee. Ungekuwa wewe, na mtoto anatakiwa sare Januari, ungeandika nini usiku wa leo?

Msomaprufu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimelisoma andiko lako mara tatu, mara ya tatu nikampa mke wangu asome.

Ningeandika bilionea. Nakujibu ukweli, kwa sababu na mimi nimelea. Na lile neno "anatudharau" nililoliandika juu pale, kwako naliondoa. Aliyekudharau wewe ni mwingine.

Lakini nina mambo mawili. La kwanza, wachapishaji hawajawahi kuwangoja watu wa stendi. Ben Mtobwa, yule wa riwaya za mpelelezi Joram Kiango, alikuwa na kampuni yake mwenyewe, Heko, na vitabu vyake vilitoka humo. Sikuambii ufungue kampuni. Nataka ujue kwamba mlango uliogonga ukakutwa umefungwa, hata wao waliukuta umefungwa.

La pili ni la kazi. Kulikuwa na mwandishi mmoja aliyekuwa akija gazetini kwetu na kauntabuku limefunikwa kwa gazeti. Ndani hamkuwa na hadithi. Alichora mistari, upande mmoja jina la mtu, upande wa pili yuko wapi leo, wa tatu ana nini mkononi au mwilini: kovu, ufunguo, mimba ya miezi mingapi. Kila Jumatatu kabla hajaandika anasoma ukurasa mmoja tu wa kauntabuku, dakika kumi. Miaka sita hakufufua mtu. Hata bilionea anastahili dakika kumi hizo, na msomaji wa zamu ya usiku anazistahili zaidi.

Zamu ya Usiku

Dada Kalamu, mimi naitaka hiyo ya korosho. Hata ikija mara moja kwa wiki. Bei iwe ileile. Na nakuahidi sitaandika "endelea". Nitakwambia paliponishika na paliponipotea. Nina swali tayari: wahakiki walipofika, mama alisema korosho ni za shamba la nani?

Chaki Nyeupe

Ninaomba ruhusa niisomee darasani ikishafika sehemu ya nne au ya tano. Wanangu 80 na zaidi, hata kama hawalipi, wana maswali.

Mtoto wa Buguruni

Dada na mimi niweke. Baba yangu ni wa Newala. Mwaka ule alipata tabu sana na hayo mambo, hajawahi kutusimulia vizuri.

Msomaprufu Mstaafu

Kalamu, prufu nitakusomea mimi, miwani mipya ninayo. Nianze na langu leo leo. Umesema mama anampimia mtu korosho. Anampimia kwa kitu gani? Kwa mizani, kwa kopo? Andika kilivyokuwa, maana hapo ndipo biashara yote ilipo.

Kalamu ya Masasi

Nimechelewa kujibu, nilikuwa napandisha ya saa tatu. Nimeanza kuchora mistari kwenye daftari la mwanangu.

Mama alisema ni za shamba la marehemu mjomba. Mjomba alikuwa na shamba kweli, lakini alishaliuza.

Kipimo kilikuwa bakuli. Katika zile sehemu saba niliandika "bakuli" basi, nikapita. Lilikuwa la bati, rangi ya bluu, limebanduka ukingoni. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa ndani kwa nyundo kishuke kidogo, ili lijae zaidi ya linavyoonekana. Kila aliyepimiwa alimezewa nusu konzi. Nyundo nilikuwa naishika mimi, nilikuwa na miaka 15, aliniambia nigonge taratibu lisipasuke.